Siku Niliyoulizwa Nimekuja Kutengeneza Nini

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe na nyinyi mlio mbele, na nyinyi wa huko nyuma karibu na mlango, asifiwe zaidi! Mimi ni Joash, wengi mnaniita Baba Atieno. Nimeokoka. Leo nimeombwa niwaambie vijana wanaofanya kazi jinsi Mungu alivyonitoa utumwani. Si pombe, ndugu zangu. Pombe sijawahi kuonja. Mimi nilikuwa mtumwa wa kazi.

Nilifika upande wa Kimulot, kwenye mashamba ya chai, miaka ya tisini ikianza, nikitoka kwetu kando ya ziwa na sanduku moja la mbao. Natamani mngeiona Kimulot ya wakati ule! Asubuhi ukungu unashuka kutoka msituni mpaka huoni nyumba ya jirani. Saa nane mchana mvua, kila siku, ungeweza kuitumia kama saa ya ukutani. Na ile harufu ya majani chai yakikaushwa! Mpaka leo nikipita karibu na kiwanda nasimama kidogo barabarani, navuta pumzi, naona kama nimerudi siku zile.

Kiwandani nilikuwa fundi wa mitambo. Boila, feni, mashine za kusaga majani, zote zilikuwa mikononi mwangu. Na nilikuwa mzuri, sitawaficha. Mashine ikikohoa tu, nilijua inaumwa wapi. Meneja alikuwa akiwaambia wageni, "Bila Joash hapa tunafunga." Maneno hayo nilikuwa nayalamba kama sukari. Kwa hivyo sikumfundisha mtu. Langat, fundi mwenzangu, mtu mpole wa kule Merigi, alikuwa akisogea aone ninavyofunga vyuma, nami nampa mgongo makusudi. Nilitaka niwe mimi peke yangu.

Msimu wa majani mengi nilikuwa nalala huko huko juu ya magunia, siku tatu, siku nne. Na nyumba yangu ilikuwa pale laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, dakika kumi kwa miguu! Mke wangu, Mama Atieno, akaacha kuniwekea chakula. Mimi nikasema moyoni, vizuri, sasa amenielewa. Ujinga wangu, ndugu zangu!

Asubuhi moja nikaenda nyumbani kuchukua shati. Nikakuta kufuli mlangoni. Jirani yetu Mama Chepkorir alikuwa anaanika nguo.

"Mama Atieno ameenda sokoni?" nikamwuliza.

Akaniangalia vile mtu anamwangalia mgonjwa. "Baba Atieno, alienda kwao na mtoto siku ya Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Kwani wewe ulikuwa wapi?"

Siku nne! Mke wangu na mtoto wangu wameondoka siku nne, na mimi sijui!

Nilirudi kiwandani kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Hapo ndipo Mungu alinitumia mzee Koech. Alikuwa msimamizi wa sehemu ya kukausha majani, mtu wa kanisa, na zamu ikiisha yeye alikuwa anaenda zake. Sisi tulikuwa tunamcheka. Siku hiyo alinikuta nimekaa kando ya boila, akakaa na mimi bila haraka.

"Joash," akasema, "mimi nikifika nyumbani namwambia mama watoto majani ya leo yalikuwa namna gani. Na yeye ananiambia ng'ombe walikuwa namna gani. Ndiyo maana yeye anaijua kazi yangu na mimi naijua nyumba yangu. Wewe mke wako anajua nini juu ya hiyo boila?"

Hakuna alichojua, ila kwamba ilimnyang'anya mume.

"Omba ruhusa leo," akasema. "Na uombe Mungu pia. Umemwacha siku nyingi."

Nilipanda basi hivyo hivyo na ovaroli yangu. Nilipoingia uani kwa wakwe zangu, Atieno, wakati huo ana miaka minne, alikuwa anacheza na kifaranga. Akainua macho. Hakukimbia kuja kwangu. Aliuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, "Baba, umekuja kutengeneza nini?"

Ndugu zangu! Mtoto wangu mwenyewe! Kwake mimi nilikuwa mtu wa kuitwa wakati kitu kimeharibika. Nilipiga magoti pale pale kwenye vumbi, mbele ya mama mkwe, na mnajua kwetu mkwe halii mbele ya mama mkwe. Nililia! Nikasema, "Bwana Yesu, nimeshindwa, nichukue." Hapo ndipo niliokoka. Si kwenye mkutano, si mbele ya mhubiri. Katikati ya kuku.

Jioni Mama Atieno alikubali kuongea nami. Nikamwuliza mbona hakuniaga.

"Ningemuaga nani?" akasema. "Mlango?" Kisha akasema, "Baba Atieno, kwa ahadi tu sirudi. Siku nikisikia kuna mtu mwingine anajua hizo mashine, nitarudi."

Nilirudi Kimulot peke yangu. Nikamwita Langat, nikamwomba msamaha, nikaanza kumwonyesha kila kitu. Msifikiri ilikuwa rahisi! Kila nilipomfundisha jambo, kitu ndani kilikuwa kinauma kama jino. Ilichukua wiki nyingi. Siku moja feni kubwa ikasimama mimi nikiwa nimekaa nje nakula, na kabla sijamaliza nikaisikia imenguruma tena. Langat ameiwasha bila mimi! Niliona wivu, sitadanganya. Halafu nikahisi bega langu limekuwa jepesi. Haleluya! Siku hiyo hiyo nikamwandikia Mama Atieno barua.

Alirudi. Na miaka iliyofuata, ndugu zangu, ndiyo ninayoikumbuka kuliko yote. Mchana nilikuwa nakula nyumbani. Jumamosi nampeleka Atieno mpaka lango la kiwanda, wafanyakazi wote wanamjua kwa jina. Jioni mvua inapiga mabati, Mama Atieno anapika mboga, na mimi nampa habari za boila mpaka anauliza maswali kama fundi. Tulikuwa na viti viwili tu na redio ndogo. Ningepewa nafasi ya kurudi jioni moja, ningechagua ya namna ile.

Kazi sikuiacha, wala haikuharibika. Vijana wa kiwandani waliooa karibuni wakaanza kuja kwetu kuuliza tunafanyaje. Tukawa tunakaa nao, mimi na Mama Atieno, tunawaeleza kama tulivyoelezwa na mzee Koech, ambaye Bwana amekwisha kumwita. Tumefanya hivyo mpaka nywele zimekuwa nyeupe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, yule pale aliyeinama, anaona haya. Na wewe ndugu, wewe dada, unayeambiwa kazini kwamba bila wewe hapa patafungwa: hapatafungwa! Mkabidhi Yesu kazi yako leo, mfundishe mwenzako unachojua, halafu uende nyumbani mapema, ukae, uulize siku yao ilikuwa namna gani. Sisi tupo, nyumba yetu iko wazi, chai ipo. Mungu awainue.