Mguu wa Dada Kalekye

Wapendwa mliokuja kumsindikiza dada yetu, mimi ni Mwololo, kitinda mimba wa mzee Nthiwa, na familia imenituma nisome maisha ya marehemu Kalekye, ingawa niliomba asome mwingine, wakakataa.

Dada alizaliwa tarehe 9 Februari 1963 huko Mbooni, akaletwa hapa Riruta akiwa na miaka minne, akasoma hadi kidato cha nne mwaka wa 1981, na Machi 1983 akaajiriwa kuwa karani wa kampuni ya bima katikati ya jiji, kazi aliyoifanya miaka ishirini na mitano. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Bwana Kivuva, wakajaliwa binti mmoja, Kanini.

Jumanne tarehe 3 Juni mwaka huu wa 2008, akitoka ofisini, alikosa ngazi, kifundo cha mguu wa kulia kikapinda, na jioni nilipomwona nikamwambia, "Dada, umeteguka tu, ukikandwa itaisha," nikamkanda kwa maji moto kwa mikono yangu hii, naye akaenda kazini siku zilizofuata akiwa amevaa ndara, kwa kuwa kiatu hakikuingia.

Alhamisi tarehe 12, daktari wa hospitali moja ya Upper Hill alibonyeza mfupa nyuma ya kifundo, akamwomba atembee hatua nne, akaweza mbili, na picha ikaonyesha kifundo kimevunjika pande zote mbili na kiungo kimehama. Alifanyiwa upasuaji tarehe 16, akatiwa chuma na skrubu, akafungwa plasta, na siku ya kuruhusiwa daktari alituketisha, akasema shavu la mguu likiuma, au pumzi ikipungua, tusingoje kliniki.

Jumatano tarehe 2 Julai shavu la mguu lilianza kumuuma. Yeye alisema ni plasta inayobana, nami nikasema kliniki ni Jumatatu, tuvumilie. Jumapili tarehe 6 asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, alimwambia Kanini, "Nifungulie dirisha," na dirisha lilikuwa wazi. Tulipofika hospitalini alikuwa ameshatuacha, na uchunguzi wa mwili ulionyesha damu iliyoganda mguuni ilikuwa imepanda ikaziba mapafu.

Tunawashukuru madaktari, ambao walituonya mapema, majirani waliombeba hadi kwenye gari, na wafanyakazi wenzake walioshinda nasi wiki nzima. Bwana Kivuva amesema mbele ya wazee kwamba hanilaumu. Kanini bado hajanisemesha, nami simlazimishi.

Pumzika sasa, dada yangu, Mungu akupe amani.