Profesa Zima Taa na Wanawake wa Ukutani

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu, poleni na msiba. Marehemu aliiandika historia hii mwenyewe, akaagiza isomwe bila kubadilishwa hata nukta; dada yake anayemfuata kuzaliwa, ambaye ndiye anayewasomea, ameifuata pale iliposema kweli, na pale ilipopungua ameijazia, kwa kuwa leo marehemu hana namna ya kumkatiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa kifungua mimba wa seremala na mshona nguo, na tangu utotoni hakupenda kuambiwa amekosea, akijikwaa alisema sakafu imekaa vibaya, nao wazazi wakacheka, wakasema mtoto ana akili.

Alimaliza sekondari mwaka 1968 akiwa wa kwanza darasani, akaenda ng'ambo kusomea historia ya sanaa, akarudi mwaka 1975 na shahada mbili, kamera moja na tabia ya kuzungumza na watu huku akitazama dari. Tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo aliajiriwa na chuo cha sanaa, ambako wanafunzi walimbandika jina la Zima Taa, kwa sababu hakuwahi kuanza kipindi kwa salamu, alianza kwa kuamuru taa zizimwe, na humo gizani, projekta ikinguruma, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Alizunguka kila pembe akipiga picha za kuta, vinyago na vitambaa, na kati ya hizo, mwaka 1979, alipiga picha ya ukuta wa bohari la pamba uliochorwa wanawake wakipima pamba, akaipachika slaidi hiyo, kipande cha filamu angavu kinachoonekana pande zote mbili, kwenye fremu yake ya plastiki na kuitia konani ile alama nyekundu inayoonyesha upande wa kuiingizia kwenye projekta. Tangu siku hiyo wanawake wale walionekana darasani wakishika mizani kwa mkono wa kushoto, wote, naye mwaka 1986 akatoa kitabu kinene kueleza kwamba mchoraji aliukusudia mkono ule uwe ishara ya uasi, na kitabu hicho ndicho kilichompa uprofesa. Bohari lilibomolewa mwaka 1993, ukuta ukaenda na matofali yake.

Tarehe 16 Agosti 1980 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wifi yetu mpole aliyetangulia mwaka 2003, wakajaliwa binti mwaka 1982 na kijana mwaka 1987. Kijana alipenda injini, akafuata injini zake mbali, lakini binti alikuwa na baba yake kama ulimi na mate, alikulia sakafuni kati ya makabati ya slaidi, akiziinua moja moja dirishani na kumuuliza baba nani kachora, na hakuna aliyetuambia sisi ndugu zake kwamba mapenzi ya namna ile yana bei.

Mwaka 2006 chuo kilitaka mkusanyiko wote uwekwe kwenye mtandao, ili mwanafunzi aliye popote ajifunze bila kupanda gari, na marehemu akamkabidhi kazi hiyo binti yake, ambaye naye alikuwa amesomea fani hiyohiyo. Alizipangusa slaidi kwa brashi laini, akaziskani, akaandika maelezo ya kila picha, nani, wapi, kwa rangi gani, na ukurasa wa mbele wa tovuti ukabeba majina mawili, la baba na la mwana.

Mwezi Mei 2010 alifika kwenye slaidi ya ule ukuta, na alipoikuza picha kwenye kompyuta aliona kitu ambacho darasani kilikuwa kidogo kama chawa, gunia lililo konani lenye maandishi yaliyogeuka, kama mtu anayasoma kwenye kioo. Alama nyekundu ilikuwa imetiwa kona isiyo yake, picha imegeuzwa miaka yote hiyo, na wanawake wale walishika mizani kwa mkono wa kulia kama watu wengine. Binti alifurahi, ndiyo, alifurahi, alidhani baba atafurahi naye, akabeba kompyuta hadi mezani baba alipokuwa akinywa chai, akamwonyesha.

Marehemu alimuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua, binti akasema hakuna, naye akaitia slaidi kwenye mfuko wa shati, na haijaonekana tena. Wiki iliyofuata picha kwenye tovuti ilikuwa imekatwa ile kona yenye gunia, jina la binti limefutwa kwenye ukurasa wa mbele, na chuo kimearifiwa kwamba alikuwa akivuruga kazi. Kila alikoomba ajira, walimpigia simu marehemu, naye akawajibu kwa sauti ya upole kabisa kwamba mtoto ni wake lakini si wa kuaminiwa na picha. Binti alikuja kwa shangazi yake na begi moja, na tangu hapo yuko duka la kuchapisha kadi za mialiko, huku ninyi mliofundisha na marehemu, ambao tunawaona hapa mmependeza kwa suti nyeusi, mkimwandikia kwamba bila slaidi hana ushahidi, na wanafunzi wenu wakijibu mitihani juu ya mkono wa kushoto.

Figo zilianza kumsumbua marehemu mwaka 2019. Kijana alituma salamu, binti alikuja mwenyewe, akamwogesha, akamlisha, akampeleka kliniki, na jioni moja, kijiko kikiwa mkononi, akamwomba jambo moja tu, amwambie mtu mmoja, hata nesi, kwamba ile slaidi iligeuzwa. Marehemu akamwambia supu haina chumvi. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari 2022, na katika maandishi yake ameandika kuwa ameacha mtoto mmoja wa kiume; kweli ni kwamba ameacha wawili, kijana na binti.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia matusi yake, majirani waliotuletea viti na maji, na uongozi wa chuo kwa shada kubwa la maua. Tunamshukuru pia fundi wa studio aliyetuandalia picha hii iliyo mbele ya jeneza, ambayo marehemu aliichagua na kuikata mwenyewe akiwa bado na nguvu, nanyi mliokaa karibu mnaona kuna mkono umebaki begani mwake. Fundi alimuuliza kama aufute, marehemu akamjibu auache tu, hakuna atakayeuliza ni wa nani. Ni wa binti yake, yule aliyesimama kule nyuma kabisa kwa kuwa ratiba ya mazishi aliyoiandika baba yake haikumpa kiti.

Pumzika kwa amani, kaka, nasi uliotuacha tutaitafuta ya kwetu.