Simu za Jumapili, Saa Kumi Kamili

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Koplo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1948, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na binti yake, mtoto wake wa pili, ambaye ni muuguzi. Jana baba yake mdogo alimsihi: "Mwanangu, andika mazuri tu, watu watakuwa wengi." Mazuri yapo, na yatasemwa. Lakini Koplo hakuvumilia ripoti ya uongo, na binti yake hataanza kumdanganya leo.

Alianza shule mwaka 1955 na kumaliza darasa la nane mwaka 1962. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuamka. Dada zake wanasema bila maji ya baridi usoni hakutoka kitandani. Wanawe wameisikia habari hiyo juzi, hapa msibani. Laiti wangeijua utotoni!

Tarehe 9 Januari 1968 alijiunga na jeshi. Alitumikia miaka minane, akapanda cheo hadi koplo, na mwaka 1976 akaachishwa baada ya goti kuvunjika katika ajali ya lori. Mwaka uliofuata aliajiriwa na kiwanda cha sabuni, akawa msimamizi wa zamu hadi alipostaafu mwaka 2003. Kwa miaka ishirini na sita hakuchelewa hata siku moja. Vijana aliowasimamia wapo hapa leo, wengine ni mabosi, nao wanasema Koplo ndiye aliyewanyoosha. Ni kweli kabisa. Hata wanawe aliwanyoosha: hakuna aliyeshindwa shule, hakuna mlevi, hakuna asiye na kazi.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na fundi cherehani, mama mcheshi aliyemzoea mumewe kuliko mumewe alivyojizoea mwenyewe. Nyumbani kwao filimbi ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Shuka zikunjwe, viatu ving'ae, kisha mstari kwenye korido, kucha mbele. "Hesabu!" aliamuru. "Moja!" "Mbili!" "Tatu!" Na kutoka jikoni mama alidakia: "Nne, na chai inamwagika!" Hapo Koplo aligeukia ukutani ili wasimwone akicheka. Walimwona kila siku. Mama alipofariki tarehe 2 Juni 2009, watoto walilala pale nyumbani wiki nzima. Kila asubuhi walihesabu hadi tatu, na baba yao akabaki amesimama, anasubiri. Hakulia, wala hakumruhusu mtu kulia kwenye mstari.

Watoto walipohamia kwao, Koplo aliweka utaratibu wa simu: Jumapili, saa kumi kamili jioni, dakika kumi na tano kwa kila mmoja. Afya, kazi, nyumba, kwisha. Na alikuwa na tabia ya kuwatega. Alikuwa akipiga Jumanne au Ijumaa, na aliyepokea aliulizwa, "Leo ni Jumapili?" kisha simu ikakatwa, na Jumapili yake ikafutwa. Mwaka 2012 mtoto wa mwisho, mwalimu, alimpigia Alhamisi kumwambia amepata mtoto. "Jumapili," alijibiwa. Mwalimu alilia kama aliyefiwa. Basi wote watatu wakajifunza. Walijifunza vizuri mno.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Februari 2021. Alimeza dawa zake saa mbili kamili, asubuhi na jioni, na kila Jumapili binti yake alipouliza kuhusu afya, jibu lilikuwa, "Sawa." Muuguzi mzima, anayewabana wagonjwa wa watu hadi waseme ukweli, aliipokea hiyo "sawa" na kwenda kwenye swali la pili, maana dakika zilikuwa zinakwisha.

Jumatano, tarehe 14 Septemba 2022, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Koplo alimpigia mwanawe mkubwa, dereva. Hakupokea. Saa tatu na dakika ishirini na nne akampigia binti yake, aliyekuwa nyumbani, ametoka zamu, anakunja nguo, simu iko mezani mbele yake.

"Si upokee? Ni mzee huyo," mumewe alimwambia.

"Leo Jumatano. Ananitega."

Akampigia mwalimu. Hakupokea. Saa tatu na dakika thelathini na moja akampigia binti yake tena. Hajawahi kutega mara mbili kwa siku moja. Binti aliliona hilo, akashangaa, akaendelea kukunja nguo.

Saa sita mchana jirani, fundi viatu, aliona uani hapajafagiliwa, akaingia. Alimkuta Koplo ameketi ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa, kamba za viatu zimefungwa, simu mkononi. Daktari amesema angefikishwa hospitali ndani ya saa ile ya kwanza, huenda angepona. Ndugu wanamwambia binti asijilaumu. Anajilaumu. Na anamlaumu Koplo pia, na anamkosa, vyote kwa pamoja.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, dada wawili, watoto watatu, wakwe watatu na wajukuu saba. Wajukuu hao, kuanzia leo, wapige simu siku yoyote, saa yoyote, hata kwa upuuzi. Zitapokelewa.

Leo ni Jumapili, na saa kumi imefika. Watoto wa Koplo wapo mbele yake wote, mstari mmoja, viatu vinang'aa, kama walivyofundishwa. Wamechelewa siku nne.

Alale kwa amani, na filimbi isimwamshe.