Vidonge Nilivyotupa Chooni

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Kamwene! Mnanijua, mimi ni Mama Tumaini wa nyanya, pale barabarani Ilula. Kabla ya Pasaka nilisimama hapa hapa nikashuhudia kwamba nimepona. Leo nimerudi kuurekebisha ule ushuhuda. Naomba mnisikilize mpaka mwisho, maana sikuja kupigiwa makofi.

Ugonjwa ulinianza shavu la kulia. Basi likipita, upepo wake ukinigusa tu usoni, napigwa shoti kama ya umeme kuanzia sikioni mpaka kwenye meno! Inaacha, halafu inarudi. Nilishindwa kunawa uso, nilishindwa kutafuna ugali, hata kuita "nyanya, nyanya!" nilishindwa. Sasa muuza nyanya asiyeita atauza nini? Wenzangu wananyanyua ndoo kwenye madirisha ya mabasi, mimi nimekaa nimejifunga kanga usoni.

Nikasema ni jino. Nikang'oa moja, maumivu yako pale pale. Nikang'oa la pili, nikang'oa la tatu, na yote yalikuwa mazima, ndugu zangu! Mng'oaji alikataa, mimi ndiye niliyemng'ang'aniza. Mama mmoja akanichanja chale shavuni, alama mnaiona. Nilimeza vidonge vya kichwa mpaka tumbo likaanza kuuma. Nilifika mahali nikamwomba Mungu anichukue.

Mume wangu akanipeleka hospitali Iringa mjini. Daktari, binti mdogo tu, akaniuliza, "Mama, yanakuja kama shoti? Hata upepo ukikugusa?" Nililia! Hakuna aliyewahi kuyajua maumivu yangu kabla sijayasema. Akanieleza kwamba kuumwa kichwa kuna namna nyingi, kuna kwa presha, kuna kwa macho, kuna kipandauso, ila mimi ni mshipa wa fahamu wa usoni. Akanipima damu, akaniandikia vidonge vya kila siku, akasema, "Usiviache bila kuniona." Baada ya wiki mbili nilinawa uso kwa mikono miwili.

Sasa sikieni ujinga wangu. Jirani yangu Mama Upendo alipoviona akasema, "Ee, mbona hivi ndivyo anavyomeza Upendo?" Upendo, binti yake, ana kifafa, na dawa ni ile ile, inatuliza mishipa ya fahamu. Nikaona aibu. Watu watasema Mama Tumaini ana kifafa! Asubuhi ya ushuhuda nikavitupa chooni, nikaja hapa nikapaza sauti, "Nimetupa dawa, Bwana ameniponya!" Mkapiga vigelegele.

Mama Upendo alikuwa benchi la tatu. Alirudi nyumbani akatupa dawa za mwanawe. Siku ya nne Upendo alianguka jikoni, mkono ukaingia motoni.

Wiki hiyo hiyo shoti zangu zilirudi. Haya, mimi nililipa kwa shavu langu. Upendo alikuwa amekosa nini? Nilienda kwao nikapiga magoti. Mama Upendo hakunifukuza, alisema tu, "Twende wote hospitali." Tukaenda sote watatu, tukaanza dawa upya.

Ndugu zangu, Bwana ameniponya! Neno hilo silirudishi nyuma. Aliniponya kwa mkono wa yule binti daktari, na mimi nikauonea aibu mkono wake. Ninamshukuru Mungu, ninamshukuru mume wangu, na leo nauza nyanya kwa sauti mpaka madereva wanalalamika. Kama humu ndani kuna mtu ameshika shavu, asikimbilie koleo la kung'oa meno. Mwamini Bwana, omba, halafu panda gari ukapimwe. Nitakusindikiza mwenyewe, ndoo zangu zitanisubiri.

Upendo, njoo hapa mbele, mwanangu. Usifiche huo mkono. Sasa ni saa nne, saa yetu ya vidonge, mimi na wewe. Mzee wa kanisa, tunaomba maji, vikombe viwili.