Baragumu Lililia, Sisi Tukakaa

Amani iwe kwenu, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Nimeomba nisimame leo, maana nina neno nililolificha tangu ujana wangu.

Mmezoea kuuliza: ilikuwaje morani wa mlima huu, walioogopwa kote, wakavunjika asubuhi moja tu Wajerumani walipokuja na wapiganaji wa jirani zetu? Mimi nilikuwepo. Ndugu zangu, nawaambia, bunduki ziliua, lakini sisi tulikuwa tumevunjika kabla hazijalia. Sisi wa chini tuligombania maji ya mfereji na wenzetu wa juu, hata salamu tukanyimana. Tulipatana kwamba baragumu likilia juu, sisi tupande. Likalia. Tukatazamana. Mmoja akasema, "Waache waonje kwanza."

Huyo mmoja ni mimi.

Kabla hatujamaliza kucheka, maadui wakatushukia. Nilitupa ngao, nikakimbilia msituni nikipita katikati ya upupu. Cheka tu, mama, nilijikuna siku mbili!

Wakachukua ng'ombe, wakakata migomba yetu yote. Njaa ikaingia nyumbani. Wa juu walikuwa na migomba iliyosalia, lakini ningewaendea kwa uso gani? Mke wangu akaniambia, "Baba, aibu yako haipikiki. Nenda."

Nikaenda kwa yule aliyepiga baragumu. Nikamwambia, "Ndugu, nilikusikia. Nilikataa kuja."

Tukawalilia kwanza wenzetu walioanguka. Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Nilipiga mara moja, nikalitupa, nikakimbia. Siku zote hizi nadhani mlipanda mkakuta sipo!"

Tulicheka mpaka mkewe akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Nilishuka na miche ya migomba begani, naye nyuma yangu kabeba mingine. Kesho yake tukauzibua mfereji, wa juu na wa chini, tukiimba.

Namshukuru Mungu, na mke wangu aliyenisukuma. Namshukuru ndugu yangu huyu. Yule pale, anajifanya anatafuta kitu sakafuni! Vijana, ukikosana na jirani, msalimie hivyo hivyo. Siku ya hatari haingoji mpatane.

Na sasa furaha yangu: Jumamosi binti yangu anaolewa na mwana wa mpiga baragumu huyu. Hatuchagui wageni. Kila mwenye miguu na aje!