Vifungo vya Mgongoni

Mama kijana, aliyekuwa anampeleka mwanawe kliniki kupimwa uzito, alimpakata, akajifanya anatazama nje ya dirisha la basi. Masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, kwa msusi na fundi cherehani waliofahamiana humo humo garini.

“Nipimwe saratani ya shingo ya kizazi na siumwi popote?” msusi alisema. “Tena mume wangu mmoja tu, dada!”

“Hata kirusi kinachoileta kinatosha kimoja,” fundi akamjibu. “Na hiyo sigara ninayoinusa kwenye blauzi yako ndiyo inakinenepesha. Mimi nilijidai hivyo hivyo. Siku nilipokwenda nikavaa gauni nililojishonea, vifungo mgongoni toka shingoni hadi kiunoni. Nesi akanifungua kama kifurushi cha posta! Kupimwa kulikwisha upesi kuliko vifungo. Wakakuta dalili za mwanzo, wakazitibu kabla hazijawa saratani. Binti yangu nikampeleka akachanjwa dhidi ya kirusi hicho.”

“Aibu hiyo mimi siiwezi.”

“Aibu ilikuwa ya ushonaji wangu!”

Mama kijana akacheka, kisha akamtazama mtoto mapajani. Mwanawe hajakosa chanjo hata moja. Yeye, kila nesi anapouliza, “Na mama je, umepimwa?”, hukumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Kwa miezi yote hiyo, sufuria gani isiyoungua?

Basi likasimama mbele ya kliniki, wale wawili bado wakibishana. Akashuka na mwanawe, akajitazama. Sketi yake ilikuwa ya mpira kiunoni, haina hata kifungo kimoja cha kusingizia.