Wanaolipia Kuitazama Bahari

Nyumba ya marehemu Mbarouk, pale Chole kwenye kichochoro kitokacho sokoni, ina baraza ya mawe ambayo haijapata kupoa joto la waliokaa. Watu wakishasali alasiri, Jumanne muuza kahawa hulitua dele lake hapo, akagonganisha vikombe, na wenyewe wakaja mmoja mmoja. Yuko Kombo, aitwaye Kasa, kwa kuwa akishakaa ni kazi kumwinua. Yuko Hamdu, aitwaye Kadhi Mdogo, kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea hukumu. Na yuko Mzee Muhidini, aitwaye Kufuli, ambaye husikiliza sana na kusema kidogo. Baraza hiyo ina sheria yake. Msimulizi akishukiwa uongo, kikombe chake hufunikwa kifudifudi juu ya sinia, wala hanywi mpaka habari yake ikubaliwe.

Siku hiyo msimulizi alikuwa Shamte. Alikuwa ametia makaa katika meli za Wazungu miaka mitatu, akafika hata Merika, na tangu arudi mwezi ule watu wa baraza walikuwa wakimwita Merikani, kama vile yeye ni kitambaa. Juzi yake, ami yake Hemedi alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Muhidini, kumposea Shamte binti wa mzee huyo, Mize. Mzee hakukubali, wala hakukataa. Alisema tu, "Mwambie aje barazani, nimsikie."

Basi Shamte akavaa kanzu safi, akaja, akaamkia, akaketi pembeni. Alijua kuwa posa haizungumzwi hadharani. Alijua pia kuwa kijana mwenye adabu hatamki jina la msichana mbele ya baba yake. Lililobaki ni kusimulia Merika, na asimulie kweli tupu, ili kikombe chake kisifunikwe.

— Haya, Merikani, akaanza Kasa. Huo mji wako unaitwaje?

— Potilandi. Si mkubwa sana. Meli yetu ilivunjika rafadha inayoisukuma majini, tukaingoja nyingine hapo mpaka baridi ikaja, ikaenda.

— Na una nini cha kutazama?

— Mengi! Kuna mnara wa mbao juu ya kilima. Watu hupanda ngazi mpaka juu kabisa, wakaitazama bahari.

— Wanatafuta chombo kilichopotea?

— La. Wanatazama tu.

— Halafu?

— Halafu wanashuka.

Kasa akajikuna kisogo.

— Wanashuka na nini?

— Na maumivu ya magoti. Na mlangoni wanalipa.

— Wanalipa! Kuitazama bahari! Bahari hii hii ya maji?

— Ya maji, na chumvi vilevile. Nimeionja.

Kadhi Mdogo akaunyoosha mkono kuelekea kikombe cha Shamte, akausimamisha njiani, kama mwenye kumwonya tu.

— Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema Kasa. Ndiyo maana wakapanda.

— Kasa, mithali hiyo ni ya kuinama! akadakia Kadhi Mdogo.

— Na mtu akipanda ngazi hainami? Panda wewe wima tukuone.

— Kule Bweni tunao mnara wa taa, mnara wa mawe, akasema Kadhi Mdogo. Nani kati yetu kaupanda kwa furaha? Hata mwenye kuiwasha taa huupanda akinung'unika. Endelea, Merikani. Lakini endelea polepole.

Shamte akamtazama Mzee Muhidini kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa akivuta tasbihi yake, punje baada ya punje.

— Mbele ya mji kuna visiwa vingi, akaendelea. Siku za joto watu wa mjini hupanda meli ndogo asubuhi, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda visiwani.

— Kuvua.

— La.

— Kuangua nazi.

— Hakuna minazi.

— Basi wanakwenda kuzika.

— Hawaziki. Wanakwenda kukaa mchangani.

— Wakafanye nini?

— Wakae.

Kasa akajipiga paja kwa furaha.

— Kazi hiyo naiweza! Jamani, kumbe miaka yote mimi ni Mmerikani na mke wangu hajui!

Jumanne akacheka mpaka kahawa ikamwagika siniani. Hata Shamte alicheka, akasahau kujilinda.

— Wakishachoka kukaa, wanaingia majini kuoga. Nao wanaoga na nguo zao, mikono imefunikwa mpaka hapa, miguu mpaka magotini.

— Na nguo?

— Na nguo.

— Hapo nimewaelewa, akasema Kasa. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Watu hao wana chawa. Wanakwenda kuwazamisha.

— Wewe huna elimu, akamkatiza Kadhi Mdogo. Sikilizeni mimi. Watu wanaochukuliwa kisiwani, wakakalishwa mchangani, wakatiwa majini na nguo zao, hao ni wagonjwa. Wana pepo wa bahari. Wametibiwa mjini, pepo amekataa kutoka, mganga akasema, mpelekeni kwao akaagane na ndugu zake.

— Si wagonjwa, Hamdu. Walikuwa wakila na kucheka.

— Pepo ndiye anayecheka. Nikuulize swali la kisheria: kulikuwa na ngoma?

Shamte akasita. Kweli ni kweli.

— Zilikuwapo tarumbeta. Na ngoma kubwa moja. Na watu wakicheza.

— Aaa! Kadhi Mdogo akainua mikono yote miwili. Nilisema nini? Mji mzima umepagawa!

— Na mnara? akauliza Kasa.

— Ule ni wa kuangalia kama pepo anarudi.

Shamte akaona kwamba kila kweli aliyoitoa mfukoni, wenzake waliigeuza ikawa kitu kingine mikononi mwao. Akaona heri awape jambo kubwa, lisilogeuzika.

— Baridi ilipokuja, bwawa liliganda likawa gumu kama sakafu. Mimi mwenyewe nilisimama juu yake. Tukayakata maji kwa msumeno, vipande kama matofali, tukayaweka ghalani ndani ya unga wa mbao. Miezi ya joto ilipofika, maji yale yalikuwa yamekaa vilevile.

Kasa akakiweka chini kikombe chake.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Kasa taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe mithali ilimkaa sawasawa. Wewe unasema yanazolewa kwa msumeno.

— Wallahi, Kombo.

— Usiape, mwanangu, akasema Kadhi Mdogo, na sauti yake ilikuwa ya huruma. Mnara nilikuachia. Nguo nilikuachia. Msumeno siwezi.

Akakishika kikombe cha Shamte, akakifunika kifudifudi juu ya sinia. Tu!

Shamte akahisi masikio yake yanawaka. Akamgeukia Mzee Muhidini, akidhani ataiona hukumu hiyohiyo usoni mwake. Lakini mzee hakukitazama kikombe. Aliisimamisha tasbihi, na kwa mara ya kwanza alasiri ile akafungua mdomo.

— Mwanangu, huko mtu wa pwani kama wewe anapata kazi?

Swali hilo lilimfurahisha Shamte. Mkwe, alijiambia, anataka kujua kama kijana anaweza kutunza nyumba.

— Tele, mzee! Mwenye mikono halali njaa. Wenzangu wawili wamebaki hukohuko. Nyumba zina moto ndani, barabara zina taa, na kuna magari yanayokwenda bila punda wala moshi. Sijaona mji mzuri kama ule.

— Ehe, akasema Mzee Muhidini. Punje za tasbihi zikaanza tena kwenda, haraka kidogo kuliko mwanzo.

— Hata mume wa Saleha aliisifu Bombei hivyohivyo, akasema Kasa, bila ubaya, kama mtu anayekumbuka hali ya hewa.

Jumanne akakohoa. Kasa akakiona alichokisema, akakiinamia kikombe chake. Saleha alikuwa binti mkubwa wa Mzee Muhidini. Mumewe alipanda meli akasema anarudi, na mpaka leo Saleha yuko nyumbani kwa baba yake, si mke, si mjane, akisuka ukili mlangoni na kuinua kichwa kila meli inapolia.

Hapo ndipo Shamte alipoelewa. Alikuwa akipigania kikombe, na kumbe mzee hakuwa akihukumu kikombe. Ukweli wake ndio uliokuwa ukimponza. Kila alipoipamba Potilandi, alikuwa akimwonyesha mzee meli nyingine na binti mwingine mlangoni. Alitaka kusema neno moja tu. Lakini neno hilo lilikuwa na jina la msichana ndani yake, na baba wa msichana alikuwa ameketi mbele yake.

Wenzake, kwa kutaka kulifukuza lile wingu, wakazidisha upuuzi.

— Mimi nimegundua, akasema Kasa. Wamerikani wameiuza bahari yao. Mwenye kuinunua ndiye anayekaa mlangoni mwa mnara. Na ikishawaishia ile, watakuja kununua hii yetu.

— Wakija, tuwatoze, akasema Kadhi Mdogo. Tuwavushe mpaka Kua wakatazame magofu.

— Magofu? Nani atatoka Merika kuja kutazama ukuta ulioanguka? Wangu umeanguka tangu masika, na hata jirani hajaja kuutazama.

— Tuwakalishe mchangani, basi.

— Mchanga wa bure? Tuwaandikie sheria: anayekaa alipe, anayesimama alipe nusu!

Katikati ya kicheko hicho akatokea mtu mwenye furushi la ng'onda begani. Alikuwa Matano wa Kisiwa cha Bwejuu, amekuja sokoni kuuza samaki wake wakavu, na hakujua ya posa wala ya Saleha.

— Asalaam aleikum. Shikamoo, wazee.

— Marahaba. Aleika salaam. Keti, Matano, akasema Kasa. Jumanne, mpe kahawa. Huyu kijana katoka Merika, mji ambao watu hulipa kuitazama bahari, na maji hukatwa kwa msumeno, na kazi tele, na magari hayana punda.

Matano akakitazama kikombe kilichofunikwa, akamtazama Shamte, akanywa funda moja.

— Mji mzuri, akasema. Basi kwa nini umerudi?

Kadhi Mdogo, ambaye hukumu hazijampungukia hata siku moja, aliangalia kucha zake. Kasa akafungua mdomo:

— Wazee walisema...

Akaufunga. Wazee hawakuwa wamesema.

Shamte alikitazama kikombe chake. Aliinua macho mpaka yakafika kwenye tasbihi ya Mzee Muhidini, yasiweze kupanda zaidi ya hapo. Yakashuka tena, na uso wake wote, tangu shingoni hadi kwenye paji, ukawa kama wa mtoto aliyeulizwa darasani jambo ambalo analijua na haruhusiwi kulisema.

Mzee Muhidini aliutazama uso ule kwa muda. Kisha akaiweka tasbihi mfukoni. Akanyoosha mkono, akakifunua kikombe cha Shamte.

— Jumanne, mmiminie.

Jumanne akaliinamisha dele. Likatoa tone, likatoa mashapo, likanyamaza.

— Imekwisha, mzee.

— Basi anywe hii.

Akamwekea Shamte mkononi kikombe chake mwenyewe, bado kimejaa nusu. Akasimama, akajikung'uta kanzu.

— Mwambie ami yako Hemedi aje nyumbani kesho baada ya alfajiri. Na wewe, Matano, kuna mnunuzi wa ng'onda nyumbani kwangu. Nifuate.

Wakaondoka pamoja kichochoroni. Shamte alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, bila kunywa.

— Lakini hajajibu! akalalamika Kasa. Kaulizwa swali, na hajajibu!

— Kajibu, akasema Jumanne, akikusanya vikombe.

— Saa ngapi? Mimi nilikuwa hapahapa! Hamdu, wewe ulisikia?

Kadhi Mdogo akafikiri sana.

— Nadhani, akasema, ni wale pepo.